Vidole vya Zinki na Njia ya Msafara

Sisi watu wa vitabu tuna mazoea ya kusema "iko kwenye damu". Mtu akicheza ngoma vizuri, iko kwenye damu. Akiwa mkali kama babu yake, iko kwenye damu. Ni usemi tu, na hakuna anayeudai ushahidi. Leo naomba tuuchukue usemi huo kwa maana yake ya kawaida kabisa, ile ya maabara. Mimi ni mkazi wa Kitete hapa Tabora, na kwa mtu wa Kitete historia na damu zinakaa karibu sana. Huku tuna hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo wenyeji tunaiita Kitete tu. Kule nje kidogo ya mji kuna Kwihara, lilipo tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Mgeni akija tunampeleka Kwihara. Mtoto akiugua tunampeleka Kitete. Nimekuja kuamini kwamba safari hizo mbili zinahusu habari moja.

Njia panda

Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, Unyanyembe ilikuwa njia panda ya bara zima. Burton na Speke walipoingia Kaze mnamo Novemba 1857 waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu, wengi wenye asili ya Omani, wamekwisha kujenga nyumba na kupanda bustani. Msafara uliotoka Bagamoyo ulipita Ugogo, ukafika hapa, ukapumzika, ukagawanyika. Njia moja ilikwenda Ujiji na kuvuka ziwa hadi Manyema. Nyingine ilipanda kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Nyingine ilielekea kusini-magharibi mpaka Katanga, ambako Msiri, mtu aliyetoka Usumbwa, alijijengea dola ya Garanganze.

Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe kwenda pwani, wakarudi na nguo, shanga na bunduki. Watumwa walitembezwa njia hiyo hiyo. Baadhi yao hawakufika pwani kabisa: walibakishwa huku Unyamwezi kulima, wakati wanaume wenyeji wako safarini. Na watu walioana. Muhammed bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Ndoa ile ilikuwa ya siasa na biashara, lakini ndoa ni ndoa, na kwenye ndoa damu huchanganyika.

Vitabu vya historia vinatuhesabia pembe, bunduki na doti za merikani. Ila kuna mzigo mmoja ambao hakuna karani aliyeuandika, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba anaubeba. Mzigo wenyewe ni herufi moja tu.

Mundu

Kiswahili kimeupa ugonjwa huu jina zuri kuliko linavyostahili: selimundu. Mitaani tunasema sikoseli. Mundu unaujua, ni kile chombo kilichopinda cha kuvunia mpunga. Chembe nyekundu ya damu yenye afya ni mviringo, laini, inajikunja na kupenya kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe. Kwa mwenye selimundu, chembe ikishapungukiwa na oksijeni inakakamaa na kujipinda kama mundu. Zikikwama kwenye mshipa, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa ambayo mtu mzima asiyeyajua hawezi kuyapima. Mwaka 1910 daktari wa Chicago, James Herrick, ndiye aliyezieleza chembe hizo kwa mara ya kwanza katika jarida la tiba. Mgonjwa wake alikuwa mwanafunzi kutoka Grenada.

Baadaye Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge katikati ya miaka ya 1950, alionyesha chanzo chake. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni, imetengenezwa kwa mnyororo wa asidi amino. Kwa mgonjwa wa selimundu, asidi amino moja tu kwenye mnyororo mmoja imebadilika, kwa sababu herufi moja kwenye jeni imebadilika. Fikiria kitabu kizima kinachoharibika kwa kosa la mpiga chapa mmoja, mahali pamoja.

Mwenye kurithi herufi hiyo kwa mzazi mmoja haumwi. Mwenye kuirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeumwa. Naomba sentensi hiyo uisome tena, kwa sababu mitaani kwetu bado lawama inamwangukia mama. Nimewahi kumsikia jirani akiambiwa na wifi yake, hadharani, "Huo ugonjwa umekuja nao wewe kutoka kwenu." Mama yule aliinama akaendelea kuosha vyombo. Jeni hazijui mahari wala ukoo. Mtoto mwenye selimundu amepewa nusu na baba, nusu na mama, basi.

Musoma, hesabu ya watoto tisa

Kwa nini herufi yenye madhara namna hii imeenea hivi? Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini akakulia Kenya. Mwaka 1949 alijiunga na msafara wa Oxford kwenda Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali. Aliona kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria wenye kubeba chembe ya selimundu walizidi asilimia 20, na kule nyanda za juu zenye baridi hawakufika hata asilimia moja. Ramani hiyo ilifanana mno na ramani ya malaria. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake: mwenye kubeba herufi moja tu anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Katika jaribio lake aliwaambukiza malaria wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea. Kati ya 15 waliobeba herufi hiyo, vimelea vilionekana kwa 2 tu. Kati ya 15 wasiobeba, vilionekana kwa 14. Leo jaribio kama hilo lingepata shida kubwa mbele ya kamati ya maadili, na ni haki lipate.

Lakini kilichonikaa moyoni ni takwimu zake nyingine, za wilaya ya Musoma, zilizochapishwa mwaka 1956. Alipima watoto wachanga 287. Kati yao, 9 walikuwa na selimundu kamili. Alipima watu wazima 654. Kati yao, waliokuwa nayo ni 5.

Tusome polepole. Tisa katika 287 ni kama asilimia tatu. Watano katika 654 hawafiki hata asilimia moja. Kama watu wazima wale walizaliwa kwa uwiano ule ule wa watoto, basi mahali fulani kati ya kubebwa mgongoni na kuota ndevu, takriban robo tatu ya wenye selimundu walitoweka. Jedwali haliandiki walikokwenda. Kila familia ya Musoma ilijua. Pengine waliambiwa ni homa, pengine ni jicho la mtu, pengine ni shangazi aliyekasirika. Mimi nimesoma riwaya nyingi za misiba, na bado mistari ile miwili ya namba inanitisha kuliko nyingi kati yake.

Kwa upande wa pili wa jedwali hilo hilo, watu wazima 249 kati ya 654 walibeba herufi moja bila kuumwa. Hao ndio waliobaki baada ya malaria kupita. Bei ya uhai wao ililipwa na wale tisa.

Chura na kidole

Sasa nakuomba uvumilivu kidogo, maana tunaingia kwenye zinki.

Zinki tunaijua wote. Ndiyo inayopakwa kwenye bati lisishike kutu, na ndiyo vidonge anavyopewa mtoto anayeharisha. Mwaka 1985, huko Cambridge, Jonathan Miller, Andrew McLachlan na Aaron Klug walikuwa wakichunguza protini kutoka kwenye mayai ya chura. Chura mwenyewe ni Mwafrika, Xenopus laevis, chura mwenye kucha wa kusini mwa bara letu. Zamani ndiye aliyetumika hospitalini kupima mimba: alidungwa mkojo wa mwanamke, na chura jike akitaga, basi mwanamke ni mjamzito. Klug naye alikulia Durban. Basi chura wa Afrika na kijana wa Durban walikutana Uingereza, na humo kwenye mayai kikaonekana kitu kipya.

Protini ile ilikuwa na vipande vinavyojirudia, kila kimoja chenye asidi amino 30 hivi, na kila kimoja kimejikunja kuizunguka atomu moja ya zinki. Umbo lake lilifanana na kidole kinachonyooka kushika uzi wa vinasaba. Wakaviita vidole vya zinki. Zinki inashikilia kidole kisilegee, na ncha ya kidole inagusa herufi na kuzitambua.

Sisi tuliopita chuoni tunaijua picha hiyo. Mtoto anayejifunza kusoma msahafu anaweka kidole au kijiti chini ya herufi, anakisogeza mstari baada ya mstari. Mwili wa binadamu una mamia ya protini zenye vidole vya namna hii. Hazibadilishi maandishi. Zinasoma, zikifika mahali pake zinasimama, na kusimama kwake kunawasha jeni au kunaizima. Uti wa mambo uko hapo, maana seli ya ini na seli ya damu zina kitabu kile kile. Tofauti yake ni kurasa zipi zimefunguliwa.

Ndani ya uloto, ule ute ulio katikati ya mifupa, mwili wako unatengeneza chembe nyekundu zipatazo milioni mbili kila sekunde. Kazi hiyo inaongozwa na vidole. Mwaka 1989 ilitambuliwa GATA1, protini yenye vidole viwili vya zinki. Panya asiyekuwa nayo hawezi kukomaza chembe nyekundu. Mwaka 1993 ikatambuliwa KLF1, yenye vidole vitatu, inayowasha himoglobini ya utu uzima. Panya akinyimwa hiyo anakufa kwa upungufu wa damu akiwa bado tumboni mwa mama yake. Seli shina moja huko ndani ya mfupa inaweza kuwa chembe nyekundu, chembe nyeupe au chembe sahani, na vidole hivi ni miongoni mwa vinavyoamua ielekee wapi. Ukipenda, uloto nao una njia panda yake, kama Unyanyembe.

Swichi ya miezi sita

Mwaka 1948, huko Brooklyn, daktari Janet Watson aliona jambo la ajabu: watoto wachanga wa kina mama wenye asili ya selimundu walikuwa na chembe chache sana zenye kupinda. Alihisi kwamba himoglobini ya tumboni inawalinda. Alihisi kweli. Mtoto aliye tumboni anatumia himoglobini yake ya pekee, inayotoka kwenye jeni nyingine kabisa, isiyo na ile herufi mbaya. Akishazaliwa, mwili unaizima polepole na kuwasha ya utu uzima. Ndiyo maana mtoto wa selimundu anaonekana mzima kwa miezi ya mwanzo. Anacheka, ananenepa, jirani wanasifia. Halafu anafikisha miezi sita hivi, mikono na miguu inavimba, anaanza kulia usiku.

Nani anazima ile himoglobini njema? Kwa miongo hakuna aliyejua. Mwaka 2007 na 2008 watafiti wa London, Sardinia na Marekani waliwalinganisha watu ambao himoglobini ya utotoni inabaki nyingi ukubwani na wale ambao inakwisha. Alama zikaelekeza kwenye jeni iitwayo BCL11A. Desemba 2008, Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao walionyesha kwamba ukiipunguza BCL11A, himoglobini ya utotoni inarudi. Na BCL11A ni nini? Ni protini ya vidole vya zinki. Mwaka 2018 ilionyeshwa bayana mahali inapogusa: herufi chache tu mbele ya jeni ya himoglobini ya utotoni. Kuna familia za Kigiriki zilizojulikana tangu miaka ya 1980 kwamba himoglobini yao ya utotoni haizimiki. Zina herufi moja tofauti mahali hapo hapo. Kidole kinafika, hakisomi kitu, kinapita.

Dar es Salaam inaingia kwenye hadithi

Hapa ndipo naomba Mtanzania asikae pembeni. Kuanzia mwaka 2004, Julie Makani na wenzake pale Muhimbili walianza kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utaratibu, mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka. Mwaka 2011 walichapisha, pamoja na timu ya Swee Lay Thein wa London, utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Uingereza. BCL11A ikaonekana kwetu pia kuwa na nguvu juu ya kiasi cha himoglobini ya utotoni. Mwaka 2014 Siana Nkya Mtatiro na wenzake wakapitia vinasaba vizima vya wagonjwa zaidi ya 1,000 wa Tanzania, na jeni hiyo ikajitokeza tena kwa nguvu. Damu iliyotolewa na watoto wa Temeke, Kinondoni na mikoani imo ndani ya elimu hii.

Elimu hiyo imezaa dawa. Mwishoni mwa 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba iitwayo Casgevy. Wanachukua seli shina za mgonjwa, wanatumia mkasi wa CRISPR kukata mahali padogo kwenye jeni ya BCL11A, wanamrudishia seli zake. Mahali penyewe ndipo kidole cha GATA1 kinaposhika ili kuiwasha BCL11A ndani ya chembe za damu. Kidole kimoja kilikuwa kinamwamsha mwenzake, sasa hakipati pa kushika, na himoglobini ya utotoni inarudi. Victoria Gray wa Mississippi, mgonjwa wa kwanza wa selimundu kutibiwa hivyo Marekani, mwaka 2019, amesimulia mara nyingi maisha yake bila maumivu.

Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Makadirio yanayotajwa mara kwa mara ni kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Zidisha mwenyewe. Mimi nilizidisha nikafunga daftari.

Siandiki haya ili tukate tamaa. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeanza tangu 2023 kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu wanaopata ndugu anayelingana nao. Kuna pia hydroxyurea, kidonge cha zamani kinachopandisha himoglobini ya utotoni bila kumkata mtu jeni yoyote. Utafiti uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba watoto wa Afrika waliokitumia walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Swali la hapa kwetu ni la kawaida kabisa: kidonge kipo kwenye duka la dawa la wilaya au hakipo, na mzazi anakimudu au hakimudu.

Rudi kwenye msafara

Wataalamu wanaofuatilia asili ya herufi hii wanaona herufi jirani zinazosafiri nayo kwenye kromosomu, kama mtu na mizigo yake. Makundi hayo wameyapa majina ya mahali: Senegali, Benin, Kameruni, Kibantu, na Uarabuni-India. Hesabu moja ya mwaka 2018 inasema zote zinatokana na badiliko moja lililotokea Afrika miaka kama 7,300 iliyopita. Kwetu sisi lililotawala ni la Kibantu, ambalo kwa kawaida huja na himoglobini ya utotoni kidogo. Mashariki ya Saudi Arabia limetawala lile la Uarabuni-India, ambalo huja na nyingi, na ugonjwa huwa na nafuu kidogo.

Na Omani? Wagonjwa wa Omani wamepimwa, na baadhi yao wanabeba lile la Kibantu.

Mtu wa Tabora akisoma sentensi hiyo hawezi kuipita haraka. Jeni haina cheti cha safari. Haisemi ilipandishwa jahazini kwa pingu, au ilikwenda kama mke wa mtu, au kama mtoto wa mfanyabiashara aliyerudi kwao na familia ya bara. Haisemi ilipita Kaze au Kilwa. Inasema tu kwamba watu wetu walifika kule, wakaishi, wakazaa, na wajukuu wao leo wanapelekwa hospitali Muscat wakiwa na maumivu yale yale ya mtoto wa Kitete. Hao watu hawakuandika tawasifu kama Tippu Tip. Hii ndiyo hati waliyoiacha.

Nikimaliza, nataka nirudi kwenye ile miezi sita, kwa sababu ndiyo sehemu ya habari hii ambayo tunaweza kuifanyia kitu bila dola milioni mbili. Katika kipindi hicho kidole cha BCL11A bado hakijafunga ukurasa wa utotoni, na mtoto anaonekana mzima. Tone la damu kutoka kisiginoni siku za mwanzo lingetosha kuonyesha kinachokuja. Mwaka 1986 utafiti wa Marekani ulithibitisha kwamba watoto wa selimundu wanaopewa penisilini kila siku tangu utotoni wanapungukiwa na maambukizi makali ya bakteria wa nimonia kwa asilimia 84. Penisilini. Dawa ya bei ya andazi. Watoto tisa wa Musoma hawakuwa na nafasi hiyo. Wa mwaka huu wanayo, ikiwa mtu atawapima kabla swichi haijageuka, na ikiwa baba atakubali kupimwa pamoja na mama.